Mpira wa Mkojo Ukikaa Sana, Bakteria Wanajenga Mtaa: Ndio Maana Homa ya Mgonjwa Wako Inarudi

Cheki ule mtungi wa maji wa lita 20 uko kejani. Ingiza vidole kwa mdomo wake upapase ndani. Kuna kaute fulani kanateleza, sivyo? Unaweza suuza huo mtungi mara kumi na bado kako hapo. Mathe anajua dawa yake: kokoto kidogo ama mchanga, maji kiasi, sabuni, halafu unatingisha mpaka mikono iume. Huo ute hautoki kwa kumwagiwa maji, lazima ukwaruzwe.

Sasa ipeleke hiyo picha hosi. Kwa wadi kuna mgonjwa amewekewa mpira wa mkojo. Jirani yake ana dripu kwa mkono. Kule ICU kuna mwenye ameingizwa paipu kwa koo ndio mashine imsaidie kupumua. Kwa hizo paipu zote, ndani na nje, ute kama ule wa mtungi unaweza kujijenga. Wanasayansi wanauita bayofilamu. Na ndio sababu moja kubwa familia inaweza nunua dawa kali wiki nzima, homa ishuke, watu waanze kupanga kwenda nyumbani, halafu irudi vile ilikuwa.

Mtaa unajengwaje

Paipu mpya ikitolewa kwa karatasi yake iko safi. Ikishaingia mwilini, ndani ya muda mfupi sana imepakwa protini za damu ama mkojo, na hapo bakteria wanapata pa kushika. Wengi hawatoki mbali. Wanatoka kwa ngozi ya mgonjwa mwenyewe, kwa tumbo lake, ama kwa mikono ya mtu amemshika. Kuna mmoja anaitwa Staphylococcus epidermidis. Anaishi kwa ngozi yangu na yako na hana maneno na mtu. Lakini mpe paipu inayoingia kwa mshipa wa damu uone vile anageuka.

Wakishashika wanazaana, wanajifunika na ute wa sukari na protini, na wanatumiana ujumbe kwa kemikali. Wakijua wamefika idadi fulani, wanabadilisha tabia. Walio ndani kabisa wanapunguza mwendo, hawali sana, hawazaani sana. Dawa nyingi za antibiotiki zinapiga bakteria anayekua, kwa hivyo huyu amelala anapitwa.

Fikiria kanjo wakivamia wachuuzi tao. Wanabeba wale wako barabarani na bidhaa zao. Wale wameingia ndani ya jengo na kufunga mlango hawaguswi. Gari ya kanjo ikipotea, biashara inarudi kwa pavementi kama kawa. Dawa inasafisha bakteria wanaozunguka kwa damu, homa inashuka, mnasema asante Mungu. Kozi ikiisha, mtaa ulio kwa paipu unatoa wengine. Makadirio yanayotajwa sana kwa utafiti ni kwamba bakteria wa bayofilamu wanaweza kuhimili dawa mara 10 hadi 1,000 zaidi ya wale wanaoelea solo.

Hii stori ni ya kitambo

Miaka ya 1680, Mholanzi Antoni van Leeuwenhoek alikwangua uchafu wa meno yake na kuuangalia kwa lenzi alizotengeneza mwenyewe. Akaona viumbe wadogo wakitembea. Alipojaribu siki, akaona inaua wale wa nje tu, wa ndani wako sawa.

Ilichukua karibu miaka 300 hospitali kuchukua hiyo kitu serious. Mwaka wa 1982, mwanasayansi wa Kanada, Bill Costerton, na wenzake walichapisha uchunguzi wa waya wa pesimeka, kile kifaa cha kusaidia moyo kupiga. Mgonjwa alikuwa amepewa dawa na maambukizi bado yanarudi. Waya ulipowekwa chini ya hadubini ya elektroni, wakakuta Staphylococcus aureus wamejipanga ndani ya ute wao. Shida ilikuwa kwa kifaa, na dawa haikuwa inafika.

Kuna kona nyingine hapa. Bakteria waking'ang'ana kwa kifaa, maabara inaweza kuwakosa. Mwaka wa 2007, watafiti wa Mayo Clinic huko Marekani walichukua magoti na nyonga bandia zilizotolewa kwa wagonjwa, wakazitingisha kwa mawimbi ya sauti ndio ute ubanduke, kisha wakapima ile maji. Njia hiyo ilinasa maambukizi kwa asilimia 78.5. Kupima nyama ya kando ilinasa asilimia 60.8. Kumbe "hatujaona kitu" inaweza kumaanisha tumepima mahali si penyewe.

Mpira wa bei ulijaribiwa, matokeo ni haya

Najua unafikiria nini: si watengeneze tu paipu ambayo bakteria hawashiki? Wamejaribu. Uingereza walifanya jaribio kubwa, matokeo yakatoka 2012. Wagonjwa zaidi ya 7,000, hospitali 24, mpira wa mkojo wa muda mfupi. Wengine waliwekewa mpira wa kawaida, wengine uliopakwa madini ya fedha, wengine uliotiwa dawa. Ule wa fedha haukupunguza maambukizi. Wa dawa ulipunguza kidogo sana, na wagonjwa walilalamika unawasumbua zaidi.

Sasa weka kando ya kile kilifanyika Michigan, Marekani. Daktari Peter Pronovost na timu yake walipeleka vitu vitano kwa ICU zaidi ya 100: nawa mikono, mfunike mgonjwa vizuri na uvae gauni, glavu na maski, safisha ngozi na klorheksidini, usiweke paipu kwa mshipa wa kinena kama unaweza kuepuka, na utoe paipu ambayo haihitajiki tena. Pia wakawapa manesi nguvu ya kumsimamisha daktari akiruka hatua. Matokeo yalichapishwa 2006. Maambukizi ya damu kutoka kwa hizo paipu yalipungua kwa kiwango cha hadi asilimia 66, na hali ikabaki hivyo kwa mwaka mmoja na nusu.

Hakuna mashine mpya hapo, hakuna dawa mpya. Ni sabuni, glavu, nidhamu, na nesi ambaye haogopi kusema "daktari, umesahau kitu."

Kwetu iko vipi

Shirika la Afya Duniani lilisema 2022 kwamba kwa kila wagonjwa 100 waliolazwa, 7 kwa nchi tajiri na 15 kwa nchi za kipato cha chini na cha kati wanapata angalau ambukizo moja wakiwa hospitalini. Hapo kwa 15 ndio Kenya iko.

Na hizo hatua tano za Michigan ni rahisi kama maji yako kwa mfereji. Ni rahisi kama glavu ziko, na huambiwi utume mtu kwa kemisti ya nje akanunue. Ni rahisi kama nesi ana wagonjwa wachache. Nesi mmoja akiachiwa wadi nzima usiku, nani atakumbuka mpira wa mgonjwa wa kitanda cha mwisho ulifaa kutolewa juzi?

Tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024, tunabonga sana kuhusu nani analipa bili. Hiyo ni haki yetu. Lakini hatuulizi ni nini kinaongeza bili. Mgonjwa aliyepata ambukizo kutoka kwa paipu analala siku nyingi zaidi na anatumia dawa za bei ya juu. Anayelipa, iwe SHA ama harambee ya WhatsApp, analipia kitu ambacho pengine kingezuiwa na sabuni. Halafu kila kozi ya antibiotiki inayopigwa kwa mtaa usiobomoka inawafunza bakteria kuzoea dawa. Mwaka wa 2019 pekee, usugu wa dawa uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani.

Unachoweza kufanya wewe

Kwa mpira wa mkojo, kila siku unaokaa, nafasi ya bakteria kuonekana kwa mkojo inaongezeka kwa asilimia 3 hadi 7. Ukifika mwezi, karibu kila mtu anao. Kwa hivyo silaha kubwa ni kuhesabu siku.

1. Uliza kila siku, kwa heshima: "Daktari, samahani, huu mpira bado anauhitaji?" Sio ukorofi. Ni swali madaktari wenyewe wanafaa kujiuliza kila asubuhi. Hata dripu iulizie.

2. Mfuko wa mkojo ukae chini ya usawa wa kibofu, lakini usiguse sakafu. Ukimsongeza mgonjwa, usiuinue juu yake, mkojo utarudi ndani.

3. Nawa mikono kabla na baada ya kumshika. Wewe pia, hata kama umekuja dakika tano na chapo zako.

4. Usiutoe mpira mwenyewe. Ndani kuna kibaluni kimejazwa maji ndio usichomoke. Ukiuvuta hivyo utamuumiza vibaya. Aliyefunzwa ndiye anautoa.

5. Usikimbilie kemisti kununua antibiotiki juu ya tokeo la maabara pekee. Mgonjwa mwenye mpira anaweza kuwa na bakteria kwa mkojo na hana homa wala maumivu, na mara nyingi huyo hahitaji dawa. Akiwa na homa, uliza kama kifaa chenyewe kinafaa kubadilishwa.

Manesi si maadui hapa. Wengi wao wangependa hizo dakika za kupitia kitanda kwa kitanda. Tukidai manesi zaidi, maji na glavu, tunadai kitu kilichothibitishwa kinafanya kazi.

Kwa hivyo ukienda kuona shosh ama mbuyu wako wadini leo, baada ya kumsalimia, angalia kwa kitanda, hesabu paipu, halafu uliza kila moja iliwekwa siku gani. Kama hakuna mtu wadi nzima anajua jibu, anzia hapo.