MAZUNGUMZO YA JAMAA: Nani Anabaki Nyuma?

Mwezi huu tuzungumze juu ya kinga, ile baisikeli tunayoijua sisi wote. Lakini hii ni ya namna nyingine: inakunjwa.

Kule London, Uingereza, katika miaka ya 1970, Andrew Ritchie alianza kuitengeneza ndani ya nyumba yake. Dirisha lake lilitazama kanisa moja kubwa, Brompton Oratory, naye akaiita kinga yake Brompton. Magurudumu yake ni madogo, inchi 16 tu. Mwenye kuizoea anaikunja kwa nusu dakika, na inaingia chini ya meza. Kufika mwaka 2022, kiwanda kilikuwa kimekwisha kutengeneza milioni moja.

Wenye kinga hizi wanapenda kukutana. Wengine wanashindana: mwaka 2006, kule Barcelona, walikimbia wamevaa koti na tai! Lakini mimi nataka kukuonyesha matembezi ya urafiki, yale yasiyo na mshindi.

Wanayafanya namna gani? Anayejua njia anatangulia. Mwingine, mwenye nguvu na mwenye pompe, anakaa mwisho kabisa. Hakuna mtu anayebaki nyuma yake. Kwenye njia panda wa mbele wanasimama kungojea. Na hapa wengi tunakosea: wa nyuma akifika tu, sisi tuliokwisha kupumzika tunaondoka. Basi aliyechoka zaidi hapumziki hata kidogo! Kundi zuri linangojea mpaka yeye naye amekunywa maji. Na akishindwa kabisa, anakunja kinga yake, anapanda treni, anarudi nyumbani bila haya.

Sasa wewe kijana wa Likasi ao Kolwezi, utasema, "Pasta, hiyo Brompton bei yake ni kali, tutaitoa wapi?" Ni kweli. Lakini ndiyo sababu unapaswa kuangalia zaidi. Kinga yako haikunjwi, na katikati ya njia hakuna treni ya kukungojea.

Tuseme mnaondoka watu kumi kwenda kutembelea vijana wa mtaa mwingine. Mmoja ana cheni ya zamani, inamtoka mara ya tatu. Ninyi mnacheka, mnaendelea. Yeye anabaki peke yake barabarani, malori ya madini yanapita, na katika yale mavumbi shofere hamwoni. Ninyi mmefika, mnaimba vizuri. Jioni mama yake akiuliza, "Mwanangu yuko wapi?" mtamjibu nini?

Kwa hiyo, mbele ya kuondoka, chagueni mtu wa mwisho. Asiwe mtoto, asiwe yule mzaifu. Awe mwenye nguvu kuliko wote, na mumpe pompe na vyombo vya kuziba mpira. Tena mwende kwa mwendo wa yule wa polepole. Mtachelewa kidogo, lakini mtafika kumi.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani:
1. Katika jamaa yetu, nani anachoka mbele ya wengine, na sisi tunamwona?
2. Tukimngojea, tunamwacha apumue, ao tunaondoka mara moja?
3. Wewe mwenye nguvu, utakubali kukaa mwisho?