Simu ya abiria iandikwe kwenye jalada la abiria

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda Guangzhou kununua mzigo mara nyingi hukatiwa tiketi na wakala wa usafiri. Programu anazotumia wakala, kama Amadeus na Sabre, zinaweza kutunza majalada tofauti: la wakala, la kampuni au kikundi, na la msafiri mwenyewe.

Tatizo huanza wakala anapoyachanganya. Wapo wanaojaza simu ya ofisi yao kwenye jalada la kila mteja. Saa ya ndege ikibadilishwa usiku, ujumbe huishia kwenye ofisi iliyofungwa. Abiria anafika uwanjani ndege imekwishaondoka, na mtaji wa mzigo unaliwa na tiketi mpya.

Wakala hufanya hivyo akihofia kunyang'anywa mteja. Hofu hiyo inaeleweka, lakini mteja hushikwa kwa huduma, si kwa kufichwa. Jalada la wakala libebe anwani na masharti yake. La kikundi lionyeshe nani analipa. La msafiri liwe na jina kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe ya pasipoti kwisha na simu yake mwenyewe.

Mteja naye asikae kimya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inampa haki ya kujua taarifa zake zilizotunzwa na kuomba zirekebishwe zikiwa na makosa. Kabla ya kutoa fedha, aombe asomewe jalada lake, herufi kwa herufi.