Hakuna Aliyekuibia Dada



Kuna lalamiko ambalo ukikaa wiki moja tu Kakola au Bugarama, pale jirani na mgodi wa Bulyanhulu, lazima ulisikie: "Fulani kaniibia dada wangu wa kazi!" Nenda Kahama mjini, utalikuta. Nenda Geita, lipo. Wala sitashangaa kama hata jirani yako wa Sinza analo. Dada kaondoka. Kapata kazi ya kuosha vyombo kwa mkandarasi wa chakula, au kusuka saluni, au kulea mtoto wa mtaa wa pili kwa nyongeza ya elfu thelathini. Mama analia, mtoto analia, baba anapiga simu kijijini kuulizia binti mwingine.

Leo naomba niseme jambo ambalo najua litaniletea maneno: hakuna aliyekuibia dada. Kuku anaibiwa. Simu inaibiwa. Dada ni mtu mzima aliyepata kazi bora akaenda, kama wewe ulivyoacha kufundisha ukakimbilia mgodini, na hakuna mwalimu mkuu aliyesema kaibiwa.

Tusiicheke hofu yenyewe lakini. Maisha ya ukanda wa dhahabu yanakwenda kwa zamu. Baba yuko chini ya ardhi, mama ni muuguzi wa zamu ya usiku. Wafanyakazi wametoka kila kona ya nchi, kwa hiyo bibi wa kuwalelea wajukuu yuko Rombo au Tukuyu. Anayejua mtoto analala saa ngapi, anakataa chakula gani, akikohoa usiku apewe nini, ni yule binti. Akiondoka Jumapili, Jumatatu mtu haendi kazini. Na mtoto anamtafuta kila chumba, haelewi kwa nini haonekani.

Sawa. Kwa hiyo tumekubaliana kwamba nyumba nzima imesimama juu ya mtu mmoja. Haya, mnamlipa shilingi ngapi?

Hapo ndipo watu wanapoanza kukohoa!

Angalieni namba. Amri ya Mishahara ya mwaka 2013 ilimwekea mfanyakazi wa ndani wa kawaida, anayelala kwa mwajiri, kima cha chini cha shilingi 40,000 kwa mwezi. Amri hiyo hiyo iliweka 400,000 kwa mfanyakazi wa kampuni yenye leseni ya kuchimba madini. Mara kumi kamili. Amri ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, ikampandisha dada hadi 60,000. Amri ya 2025 nayo imekuja na nyongeza kwa sekta binafsi, lakini mpaka leo wapo wanaolipa kile cha 2013 na wanajiona wakarimu.

"Lakini anakula bure, analala bure." Nimelisikia mpaka nimechoka. Wafanyakazi wa kambi ya mgodi nao wanakula na kulala kwa gharama ya mwajiri. Mwambie mmoja wao mshahara wake utapunguzwa kwa sababu ya ugali aliokula, halafu uone kama chama cha wafanyakazi hakijafika kabla ya jua kuzama.

Mnakumbuka 2017? Nchi nzima tulijifunza neno makinikia. Kuanzia vijiwe vya kahawa mpaka bungeni tulisema tunaibiwa, mikataba iwe ya wazi, mwenye mali apate haki yake. Mazungumzo yakafanyika, na mwishowe ikaundwa Twiga, serikali ikapata hisa asilimia 16. Tulishangilia, na mimi nilishangilia. Sasa mtu huyohuyo aliyedai mkataba kutoka kwa Wazungu, mwambie aandike mkataba na dada yake wa kazi. Atakuuliza, "Mkataba wa nini, si ni kama mdogo wangu tu?" Mdogo wako anaamka saa kumi na moja alfajiri na kulala saa tano usiku, siku saba kwa wiki?

Kinachoniudhi zaidi ni dawa wanazotumia watu ili dada asiondoke. Mmoja anashikilia mshahara wa miezi mitatu, "namtunzia." Mwingine anakataza simu. Mwingine hataki aende kanisani au msikitini, eti atakutana na wenzake wamharibu. Wamharibu vipi? Wamwambie wao wanalipwa ngapi! Na wengine wameamua kuchukua katoto kaliomaliza darasa la saba jana, kasikojua hata njia ya stendi. Sheria yetu inakataza kabisa kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14.

Sheria hiyo, ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, haikumsahau dada. Saa 45 za kawaida kwa wiki. Likizo ya siku 28 kwa mwaka, yenye malipo. Maelezo ya kazi kwa maandishi. Na kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi ya siku 28 kwa pande zote mbili. Hiyo ya mwisho ndiyo dawa ya hofu yenu. Ukiwa na makubaliano ya notisi unapata wiki nne za kumtafuta mwingine, dada anamwonyesha kazi, na mtoto anawazoea wote wawili. Usiyempa notisi wakati wa kumfukuza, kwa nini akupe yeye wakati wa kuondoka?

Najua mtasema, "Wewe kapera, umeleta mtoto gani duniani?" Sijaleta. Pia mtasema muuguzi wa zahanati hawezi kushindana na pesa za wakandarasi wa mgodi. Hiyo ni kweli, na hapo ndipo lawama inatakiwa kwenda kwingine. Migodi inalipa ushuru wa huduma kwa halmashauri. Tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017, kila mwaka inatakiwa kuandaa mpango wa huduma kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Tunaona madarasa, tunaona zahanati, ni jambo jema. Nani amesimama kwenye baraza la madiwani akadai kituo cha kulelea watoto mchana, chenye walezi wanaolipwa vizuri, karibu na watu wa zamu? Tukikidai kwa sauti ile tuliyolalamikia dada "kuibiwa", nadhani kitajengwa.

Mpaka siku hiyo, mlipe kwa wakati. Mpe siku yake ya kupumzika. Mwache ashike simu yake. Huenda akakaa. Na akiamua kwenda, mpe stahili zake zote, mwache amuage mtoto, na usifunge mlango kwa matusi. Hajakukosea chochote.

Naomba kuwasilisha.