Akiba Imeoza, Mheshimiwa

Kwa Mheshimiwa unayesimamia maandalizi ya majanga katika kaya zetu,

Uliondoka kwenye baraza lako la hapa Mukuyuni kabla ya maswali kuanza, kwa hiyo ninayaleta kwa barua. Nakuandikia kwa heshima, maana ndivyo nilivyolelewa. Hasira nitajaribu kuishika.

Pale sokoni ulitufundisha kwamba tatizo la Ukambani si ukame wala mafuriko, ni mtazamo. Ulisema tumezoea kukaa kungojea lori la msaada. Ulisema kaya yenye akili huweka chakula cha dharura mapema, ukamalizia kwa methali, "akiba haiozi", nasi tukakupigia makofi. Kisha vijana wako wakatugawia kipeperushi chenye picha ya tochi, filimbi, redio ndogo na chupa za maji, kikisema kila nyumba iwe na chakula cha siku tatu.

Wengine walikiwashia moto. Mimi nilitii. Barua hii inahusu yaliyompata mtu aliyetii.

Februari nilivuna magunia tisa ya mahindi. Kwa shamba langu, na kwa mvua za siku hizi, hayo ni mengi. Broka alikuja na mizani na pesa mkononi, nikamwambia siuzi. Karo ya kijana wangu nililipa kwa kuuza mbuzi, ili mahindi yabaki nyumbani kama ulivyotuagiza. Kilichosalia kilikuwa kuyakausha, na kwa hilo tulikuwa tumeahidiwa mashine.

Mashine ililetwa, sikatai. Ilisimama kando ya ghala, mpya kabisa, imefunikwa turubai la buluu. Kwanza tukaambiwa haina dizeli. Dizeli ilipopatikana, tukaambiwa kijana aliyefunzwa kuiendesha amehamishwa. Mwishowe ukweli ukatoka: ilikuwa bado haijazinduliwa. Mahindi yakawa yanangoja mashine, mashine inangoja mgeni rasmi aje akate utepe, na mvua haikumngoja mtu.

Ilinyesha mahindi yakiwa uani. Tuliyaingiza ndani, tukayatoa jua lilipochungulia, tukayaingiza tena, mimi na mama mkwe wangu ambaye mgongo wake haumruhusu kuinua hata debe. Halafu nikafanya kipimo cha chumvi, kile tulichofundishwa na maafisa wa kilimo. Unachukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, unatia mahindi kiasi, unaongeza chumvi kavu, unafunga, unatikisa, unaiacha itulie. Chumvi yote ikirudi chini, nafaka imekauka. Ikishika kwenye kioo, punje bado zina maji. Chupa yangu ilikuwa nyeupe kama ukuta uliopakwa chokaa.

Nikatoa taarifa, kama inavyotakiwa. Sampuli ikachukuliwa. Jibu lilirudi wakati jirani zangu wanapalilia mahindi ya masika. Viwango vya nchi yetu vinasema aflatoksini, sumu ya kuvu, isizidi sehemu 10 katika kila bilioni, na mahindi yangu yalikuwa yamepita hapo zamani. Nikaambiwa: usile, usiuze, usiwape ng'ombe. Amri tatu, na zote ni za haki. Ya nne, ya kuniambia tutakula nini, haikuandikwa. Nilichimba shimo nikachoma magunia yote tisa.

Sasa nikupe habari za jirani yangu wa ng'ambo ya mto. Yeye hakuja barazani. Aliuza mahindi yake yote kwa broka yakiwa bado na unyevu, akalipa karo, akabakiwa na mbuzi wake. Leo sote wawili tunanunua unga dukani, ila yeye ananunua akiwa na mifugo zizini. Mheshimiwa, kati yetu wawili, ni nani aliyejiandaa kwa dharura?

Swali hilo halikuulizwa na mimi peke yangu. Liliulizwa na kila aliyeona moshi wa lile shimo, na kila mtu alijijibu mwenyewe: watu wanauza. Kikundi chetu cha akina mama kilikuwa kimepatana kila mmoja aweke debe moja katika akiba ya pamoja, kwa ajili ya mjane au mgonjwa. Mpango huo umekufa, watu wanauza. Mzee aliyekuwa na ghala la fito, la mwisho kubaki upande wetu, amelibomoa akajengea banda la kuku. Anauza. Broka anajua hivyo, na bei yake imeshuka, kwa sababu mtu anayeogopa kukaa na mahindi yake hana nguvu ya kubishana na mizani. Ikifika Agosti tutayanunua hayo hayo kwa gorogoro, ghali, na yakiwa hayajapimwa na yeyote.

Historia sina haja ya kukusomea. Unajua kwamba mwaka 2004 aflatoksini iliwashika watu 317 ikaua 125, wengi wao wa hapa Makueni na wa Kitui. Unajua kwamba mwaka 1981, Makueni ikiwa bado ndani ya wilaya ya Machakos, watu 20 walilazwa hospitalini kwa sumu hiyo hiyo na 12 wakafa. Lakini sijui kama umewahi kujiuliza wale wa 2004 walikuwa wanafanya nini. Mavuno yalikuwa haba, mvua ikaja nje ya wakati, wengine wakaogopa wezi, wakaingiza mahindi mabichi ndani ya nyumba wanazolala. Walikuwa wanajiandaa, Mheshimiwa. Hawakufa kwa kungojea lori la msaada. Walikufa wakiwa na akiba.

Ndiyo maana neno lako "mtazamo" limenikaa kooni. Sumu hii haina harufu ya kutegemewa, na punje inaweza kuonekana safi huku imebeba. Haitoki kwa kuchemsha. Kukoboa mahindi kuwa muthokoi huipunguza, hakuimalizi. Mimi nina macho, pua, meno ya kuvunjia punje na chupa ya chumvi, na vyote hivyo vinaniambia habari za maji tu. Habari za sumu anazo mwenye maabara. Sasa hapo mtazamo wangu unifanyie nini?

Nimesoma kwenye simu kwamba mwezi Machi 2025 Umoja wa Ulaya uliwahimiza raia wake waweke mahitaji ya saa 72 nyumbani. Nikaelewa zile siku tatu za kipeperushi zimetoka wapi. Ni ushauri mzuri, kwao. Kule dharura ni umeme kukatika, daraja kufungwa, mtu kujifungia ndani mpaka waokoaji wafike. Kwetu mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, na ukame ukatangazwa janga la kitaifa Septemba 2021 misimu mitatu ikiwa bado iko mbele yetu. Katika misimu hiyo, siku tatu ni nini? Halafu kuna jambo ambalo kipeperushi hakikulinakili. Mzungu akiweka kopo la maharagwe kabatini, kuna mtu aliyelikagua kabla halijafika dukani. Akiba yangu inatoka shambani moja kwa moja hadi kitandani kwa watoto wangu. Mkaguzi wake ni nani? Ni wewe. Na wewe ulikuwa unatafuta mkasi wa kukatia utepe.

Yapo mengine, nayapitia haraka nisije nikaonekana mgomvi. Desemba 2021 basi lililobeba wanakwaya na jamaa zao waliokuwa wakienda harusini lilizama katika mto Enziu kule Mwingi, wakafa zaidi ya watu 30, na siku chache baadaye tukawa tunahubiriwa kuhusu tabia ya madereva. Oktoba 2023 tuliambiwa na Rais mwenyewe kwamba ile El Niño iliyotabiriwa haiji tena, na Novemba mafuriko yakawa yanabeba watu, nyumba na mifugo. Kila mara anayetakiwa kubadilika ni mwananchi. Ofisi haina mtazamo; ina ratiba.

Lakini nirudi kwenye mahindi, kwa sababu ndiyo yanayoniuma, na kwa sababu ndiyo yatakayokupa kazi. Tunaambiwa uhamasishaji huchukua miaka. Kuuharibu kulichukua msimu mmoja. Ukija tena na kipaza sauti kusema wekeni akiba, watu watakusikiliza, watakunywa soda yako, watauza. Hawatauza kwa ujinga. Watauza kwa sababu wamefanya hesabu, na hesabu yao ni sahihi. Ukame ujao ukifika hakutakuwa na gunia ndani ya nyumba, lori la msaada litaletwa, na mwenzako fulani atasimama juu yake aseme watu wa Ukambani wana mtazamo wa kuombaomba.

Kwa hiyo ninaomba mambo yafuatayo, na ninayaomba kabla ya mavuno ya Februari ijayo.

Kwanza, mashine iwashwe. Utepe ukateni mkitaka, hata mara mbili, lakini dizeli iwepo na mwendeshaji awe mtu wa hapa hapa asiyehamishwa. Gharama ya kukausha gunia ibandikwe mlangoni mwa ghala na kwa chifu, ili asizuke mtu katikati wa kuipandisha.

Pili, kipima unyevu kiwe sokoni na kwenye kila kisiagi, bure, ili mama yeyote apeleke konzi ya mahindi aambiwe kama yameshuka hadi asilimia 13.5 au bado. Msitugawie mifuko isiyopitisha hewa mkadhani kazi imekwisha. Inamzuia dumuzi, mdudu ambaye wengi humwita Osama, na ninaishukuru. Lakini ukifungia humo mahindi mabichi, umefungia ugonjwa ndani.

Tatu, Aflasafe itufikie kwa wakati. Dawa hiyo ya kuzuia sumu ya kuvu ilisajiliwa Kenya mwaka 2015, na inatengenezwa Katumani, kwenye barabara ile ile ya Machakos kwenda Wote. Inamwagwa shambani kilo 4 kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa maua. Ikiletwa mwezi wa Januari pamoja na mpiga picha, itakuwa imekuja kupigwa picha tu.

Nne, na hili silipunguzii neno: majibu ya sumu yatoke kabla watu hawajaanza kula, na mtu ambaye mahindi yake yamehukumiwa alipwe mahindi safi, kilo kwa kilo. Msiniambie haiwezekani. Mwaka 2004 serikali ilileta chakula mbadala Makueni na Kitui ili watu waachane na mahindi yenye sumu. Kililetwa baada ya makaburi kuchimbwa, ndiyo, lakini kililetwa. Je, inabidi tufe kwanza ndipo tustahili gunia? Anayejua kwamba akipeleka sampuli atapoteza chakula chote bila fidia, hatapeleka sampuli. Atakula kimya, au atamuuzia mwenzake kimya. Mimi nilipeleka, na kila mtu kijijini ameona nililipwa nini.

Madai yangu ni magunia tisa ya kilo 90, makavu na yaliyopimwa. Sitaki bahasha, sitaki fulana yenye nembo, sitaki kualikwa kwenye warsha ya Mombasa kama "mkulima wa mfano". Magunia hayo yakifika, yaje mchana, kila mtu ayaone, kwa sababu hakuna hotuba itakayowashawishi majirani zangu waweke tena akiba kuliko kumwona aliyeweka akiba hakuachwa peke yake. Yasipofika, tafadhali usirudi kutuhubiria. Tuna mapadri na wachungaji wa kutosha.

Ninangoja jibu kwa maandishi, si kwa baraza.

Wako mtiifu, kwa mara ya mwisho,
Mama mkulima,
Mukuyuni, Makueni.