Upepo wa Tezi



Juma lililopita, baada ya swala ya Alasiri, mzazi mmoja wa hapa Jilore alinivuta kando. Mwanawe wa miaka 18 ameitwa kazi ya ubaharia katika mashua iendayo Lamu kutoka Malindi, na mama wa kijana amekataa katakata. “Shekhe,” akasema, “msimu huu ni wa kusi, upepo unawasukuma kutoka nyuma. Hofu ya nini?”

Sisi wa ukingo wa Sabaki hudhani hivyo. Nilimjibu kuwa mama ana haki ya kuogopa.

Upepo wa omo, utokao mbele, hauna hila: rasharasha hupiga usoni, chombo hulala upande, na kila mtu hujua kuwa kuna kazi. Upepo wa tezi huja na upole. Ukivuma noti 15 na mashua ikienda noti 6, waliomo huhisi noti 9 tu. Watoto hulala, chai huchemshwa. Nahodha akitaka kugeuza omo ndipo ajuapo uzito wa tanga alilotweka. Aya ya 22 ya Sura Yunus imewataja wasafiri waliofurahia upepo mzuri kabla ya dhoruba kuwafikia. Baharia haisomi aya hiyo kama tunavyoisoma sisi wa nchi kavu.

Kwa hiyo tanga la safari hiyo huchaguliwa ufuoni. Majahazi makubwa ya zamani yalichukua zaidi ya tanga moja: kubwa kwa upepo mdogo, dogo kwa upepo mkali. Kuliondoa moja na kulifunga jingine kwenye foromali bahari imekwisha kuchafuka ni kazi ya kuvunja vidole, na asemaye ni rahisi hajaifanya.

Hatari ya pili ni tezi kupita upepo bila kukusudia. Katika ujana wangu nilitoka Lamu wakati wa kaskazi, tanga kubwa likiwa juu, kwa kuwa nahodha alikuwa na haraka. Karibu na Ras Ngomeni mshika usukani alisinzia. Upepo ukaingia upande wa pili, tanga likabanwa juu ya mlingoti lisiweze kutuliwa, na foromali ikavunjika kwa mlio wa bunduki. Kipande kilimpiga baharia mmoja begani. Mkono wake haukupanda tena juu ya kichwa, na alikuwa na watoto watatu.

Kubadili upande kwa kukusudia kuna utaratibu wake: demani hulegezwa, foromali husimamishwa wima, tanga likazungushwa mbele ya mlingoti, kisha joshi likafungwa upya. Hutaka watu wa kutosha, na wote wawe macho.

Wageni watiao nanga katika hori la Kilifi na mashua zao za matembezi wana njia nyingine. Ncha moja ya mti huegemezwa mlingotini, ya pili hushika pembe ya tanga la mbele ili lisijikunje. Wengine hutweka matanga mawili ya mbele, kila moja na mti wake, kulia na kushoto, na tanga kuu hulishusha. Wakiliacha juu, boriti yake huifunga kwa kamba iendayo omo, isije ikaruka na kumpiga mtu kichwani. (Vijana wetu huicheka miti hiyo, wakisahau kuwa foromali nayo ni mti.)

Nilimwambia mzazi akamwulize nahodha: lipo tanga dogo? Nani hushika usukani usiku, na kwa saa ngapi? Jaketi okozi ni ngapi?

Juzi alirudi. Tanga dogo lipo, likavu, limekunjwa vizuri. Usukani hupokezanwa kila baada ya saa 3. Jaketi ni 4 na mabaharia ni 6. Mama wa kijana alikwenda pamoja naye akazihesabu mwenyewe. Nahodha ameahidi kununua mbili zaidi. Kijana bado yuko nyumbani, anamwagilia mchicha.