Vitabu vya Picha na Sisi Watu Wazima

Mwezi huu mtuvumilie, kwa maana hatutazungumza juu ya uji wa lishe, wala kuhara, wala namna ya kumkanda mtoto mwenye homa. Tunataka kuungama kosa letu moja, kisha tuwaeleze furaha tuliyoipata baada yake.

Kosa lenyewe tulilitenda Kilosa, miaka kadhaa iliyopita, tukiwa zamu ya usiku katika wodi ya watoto. Alikuwapo mama mmoja kijana akimuuguza mwanawe aliyeungua kwa maji ya moto. Majeraha ya moto hayana haraka, na mama yule alikaa nasi wiki nyingi. Ndani ya kabati la wodi mlikuwa na vitabu vichache vya hadithi vyenye picha, vilivyoletwa kwa ajili ya watoto. Usiku mmoja, yapata saa nane, tulimkuta ameketi sakafuni chini ya taa, mtoto amelala, naye ameshika kitabu kimojawapo anacheka peke yake, kiganja mdomoni asije akaamsha watu. Tukamwambia, "Mama, hivyo ni vya watoto, utavichafua. Nenda kalale." Alitupa kitabu kwa mikono miwili, akasema, "Samahani sista." Tukakifungia kabatini.

Siku ya kuruhusiwa alituuliza, huku anatazama chini, kama angeweza kuuona mwisho wa ile hadithi. Alisema shule aliiacha darasa la nne, na tangu hapo hakuwahi kushika kitabu. Ufunguo wa kabati alikuwa nao mwenzetu aliyekuwa mapumzikoni. Mama akambeba mtoto wake mgongoni akapanda gari la kwenda Ulaya (Ulaya yetu ya huku Kilosa, si ile ya ng'ambo), nasi hatukumwona tena.

Tumejiuliza mara nyingi ni kwa nini tulimkemea. Kitabu hakikuwa kinachafuka. Mikono yake ilikuwa safi kuliko ya wale watoto. Tunafikiri ni kwa sababu alikuwa anacheka. Kama tungalimkuta anatazama picha za namna ya kunyonyesha, au za mbu na chandarua, tungalimsifu. Hebu fikirini, akina mama, ni picha gani tunazopewa tukishakuwa watu wazima. Ukija kliniki, nesi anakufunulia bango kitita: mtoto aliyedhoofu, choo kichafu, maji yasiyochemshwa. Ukutani kuna picha ya kipindupindu. Mama zetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo watu kama milioni mbili nchini walikaa katika vikundi wakisikiliza redio na kufuata vitabu vyao, kisha wakatoka wakachimba vyoo. Ilikuwa kazi njema sana, na mpaka leo tunaionea fahari. Na sisi wauguzi tungekuwa wapi bila kitabu cha Mahali Pasipo na Daktari na michoro yake? Lakini vyote hivyo ni vya kuonya na kufundisha. Mtu mzima hupewa picha anapotakiwa abadilike. Picha ya kumfurahisha tu, yenye sungura aliyevaa nguo, tunasema hiyo ni ya mtoto wake.

Hata kanisani tumekuwa hivyo. Wengi wetu tunaofundisha Shule ya Jumapili tunakijua kile kitabu kisicho na maneno, chenye kurasa za rangi tupu. Tunawafunulia watoto na kuwaeleza: nyeusi ni dhambi, nyekundu ni damu ya Mwokozi, nyeupe ni moyo uliotakaswa. Alipokizungumzia mhubiri Charles Spurgeon jijini London mwezi Januari 1866, kilikuwa na rangi hizo tatu tu. Ile ya dhahabu iliongezwa na Moody mwaka 1875. Spurgeon hakukileta kama kifaa cha watoto. Alisimulia habari za mchungaji mmoja mzee aliyekuwa nacho kitabu hicho, na aliyekuwa akikitazama mwenyewe mara kwa mara, mpaka rafiki zake wakashangaa kuna nini ndani yake. Mzee mzima, msomi wa Maandiko, anafunua kurasa tatu zisizo na herufi! Habari hii ilipotufikia tulicheka, halafu tukamkumbuka mama yule wa wodini.

Sasa twendeni Mikumi, ambako tunasaidia katika kikundi cha akina mama cha kanisa kila tupatapo nafasi. Mikumi, kama mjuavyo, iko kando ya barabara kuu iendayo Iringa na Zambia, na hifadhi ya wanyama ipo tangu mwaka 1964, kwa hiyo wageni hawakosekani. Mmoja wao aliacha kanisani vitabu viwili vya picha kwa ajili ya Shule ya Jumapili. Vyote ni kazi ya Mtanzania mwenzetu, John Kilaka, mzaliwa wa Sumbawanga, anayechora kwa mtindo wa Tingatinga. Mtindo huo aliuanzisha Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwaka 1968, na ni zile picha za rangi kali ambazo huuzwa kwa watalii. Kilaka ana kawaida ya kwenda vijijini kuwasikiliza wazee wakisimulia ngano, kisha anazichora. Wanyama wake wamevaa nguo kama watu waendao sokoni. Vitabu vyake vimetafsiriwa kwa lugha kadhaa za Ulaya (ile ya ng'ambo sasa), na hivi vilivyotufikia vilikuwa kwa Kiingereza. Ilitusikitisha kidogo kwamba ngano za kwetu zimeturudia kwa lugha ya wageni.

Lakini Mungu ana namna zake. Kwa kuwa maneno yalikuwa ya Kiingereza, hakuna mama katika kile kikundi aliyeweza kuyasoma, si yule mwenye cheti cha kidato cha nne wala yule asiyejua kuandika jina lake. Siku moja mvua ilitukamata baada ya kikao, tukakaa kwenye mkeka tukisubiri, na mmoja akachukua kitabu kiitwacho The Amazing Tree akaanza kufunua. Wengine wakasogea. Sisi tulikuwa tunaelewa Kiingereza kidogo, na midomo ilitwasha kueleza. Kwa neema tukanyamaza.

Hadithi ni ya wakati wa ukame. Wanyama wana njaa, na upo mti mkubwa uliojaa matunda ambayo hayadondoki mpaka mti uitwe kwa jina lake. Kobe mwenye hekima analijua jina. Wanyama wakubwa wanakwenda kuuliza, na njiani wakirudi jina linawapotea. Ni sungura, ambaye walimwona mdogo mno kwa kazi hiyo, anayelifikisha.

Wenzetu hawakuwa na maneno hayo. Walikuwa na picha tu, basi wakabishana. "Huyu amekwenda kukopa." "Hapana, ametumwa kuita mganga." "Tazama miguu yake, amechoka, amekosa alichokifuata." Walirudi nyuma kurasa mbili kuhakikisha. Walibishana juu ya nguo. Hatujapata kuona watu wakitazama ukurasa mmoja muda mrefu namna ile, na tukaona aibu, maana sisi tulikwisha kukimaliza kitabu kile kwa dakika tano tukisoma maneno na kupita picha.

Ndipo bibi mmoja Mvidunda, aliyekuwa kimya pembeni akichambua mboga, akanyosha shingo. Bibi huyu anawalea wajukuu watatu tangu binti yake alipofariki, na kikundini huja, hukaa, huondoka. Hatukuwa tumesikia sauti yake zaidi ya "Amina". Akasema, "Ninyi hamjui. Huo mti una jina." Akakichukua kitabu, akarudi mwanzo, akaisimulia hadithi yote alivyosimuliwa na bibi yake milimani Vidunda, akilipachika kila tukio kwenye picha yake. Kwake jina la mti lilikuwa jingine, nalo huimbwa. Akaliimba. Mvua ilikwisha kukatika na hakuna aliyeondoka. Alipofika mahali mnyama anaposahau jina, alikunja uso akajikwaa kwa mdomo hivi, akina mama wakacheka mpaka mmoja akalala kwenye mkeka. Bibi naye alicheka. Hatukuwa tumemwona akicheka tangu msiba.

Hatusemi kwamba kitabu cha picha ni dawa ya huzuni. Sisi ni wauguzi, tunajua dawa ni nini. Tunasema tulichokiona.

Kile kitabu kingine, True Friends, ni cha panya na tembo waliokuwa marafiki, mpaka tembo akakikatalia chakula cha panya alichowekewa nyumbani kwake. Hicho hakikuhitaji mkalimani Mikumi! Tembo tunamjua, na mahindi yetu anayajua. Mama mmoja alimkemea tembo wa kwenye karatasi kana kwamba yumo shambani mwake.

Mzee mmoja wa kanisa alituuliza kama hatuoni tunawageuza akina mama kuwa watoto. Tulimjibu kwa heshima kwamba Bwana wetu mwenyewe, alipofundisha watu wazima, aliwaonyesha ndege wa angani na maua ya shambani, na mtu aliyepanda mbegu njiani, na kwamba watoto aliwaweka mbele yetu kama mfano. Mzee akacheka. Wiki iliyofuata mkewe alituambia kwamba mzee ameomba kumwona huyo kobe.

Liko jambo moja la kiafya tulilojifunza hapo, nalo linawahusu wengi wenu. Mama mmoja wa miaka arobaini na saba alikuwa akituambia kila siku kwamba amesahau kusoma. Tulipompa kitabu tukaona anakisukuma mbali, mikono imenyooka, ndipo anaiona picha vizuri. Hakuwa amesahau kusoma hata kidogo. Kuanzia miaka ya arobaini hivi, jicho la kila binadamu hupungukiwa na uwezo wa kuona vitu vya karibu. Si ugonjwa, si kurogwa, na wala si kwa sababu ya kushona usiku. Nendeni mkapimwe macho, mpate miwani ya kusomea. Mama huyo sasa anasoma Biblia yake mwenyewe ibadani, na hadithi pia. Ni wangapi, tunajiuliza, wamekwisha kuweka kitabu chini moyoni mwao wakidhani akili imechakaa, kumbe ni macho tu?

Kama mnataka kujaribu, msitafute mbali. Watoto wenu wakirudi na kitabu cha hadithi cha shule, kichukueni wakishalala. Kuanzia mwaka 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umesaidia kutoa vitabu vingi vya Kiswahili vyenye picha, na huenda kimoja kimeshafika kwenye shule ya karibu nanyi. Kisomeni polepole. Tazameni pembe za picha, kule ambako mchoraji huficha kuku na vijukuu. Kama maneno yanawasumbua, yaacheni. Nanyi wauguzi wenzetu mnaosoma safu hii, kabati la vitabu lisifungwe usiku.

The Amazing Tree hakipo kanisani kwa sasa. Bibi alikiazima kwa usiku mmoja awaonyeshe wajukuu, na hii ni wiki ya tatu. Watoto wa Shule ya Jumapili wanakiulizia. Juzi tulipita kwake kumpima presha, tukakiona kimefungwa kwenye kipande cha kanga juu ya sanduku lake. Naye aliona kwamba tumekiona. Akatukaribisha chai, nasi tukanywa.