Nondo wa rangi kwenye matembele: dawa iache dukani

Ukiona mdudu mweusi, mabawa yana madoa ya machungwa na mwili una pingili nyekundu na buluu, anatua mchana kweupe kwenye matembele yako, huyo si kipepeo. Ni nondo (mdudu, si ile ya zege inayouzwa Gerezani). Angalia vipapasio: vya kipepeo vina kifundo nchani, vyake havina. Wataalamu humwita Euchromia. Viwavi wake hula majani ya jamii ya viazi vitamu, hivyo hata kiroba cha matembele uani Ilala kinamfaa.

Wengi wakimwona hukimbilia maduka ya pembejeo Kariakoo. Mimi napinga. Nondo mwenyewe hali majani, hufyonza maua tu. Aliyetutesa kwenye mahindi, kiwavijeshi vamizi aliyeripotiwa nchini mwaka 2017, nondo wake ni wa kijivujivu na huruka usiku.

Halafu matembele huchumwa kila baada ya siku chache. Lebo ya dawa inataja siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Nani kati yetu anasubiri wakati mteja yuko mlangoni? Geuza majani asubuhi, toa viwavi kwa mkono, basi. Viroba vitano havikumalizii hata nusu saa.

Na wewe mama wa genge unayefuata mboga bonde la Msimbazi, usikatae fungu kwa sababu ya jani lenye tundu. Muulize mkulima alipulizia lini mara ya mwisho, ndipo ulipe.